Nepi za Jana Asubuhi

"…nepi nimezikuta kambani zinachuruzika, Doña Saturnina, maji ya baridi ya asubuhi, na arobaini haijafika hata nusu, halafu unaniuliza baridi imemwingiaje mwanao?" alifoka Doña Encarna, na Mama hakungoja amalize, "Zulma hakugusa maji! Angefuaje mtu ambaye hajasimama tangu siku aliyojifungua? Tangu walipomchoma ile sindano ya mgongo miguu yake haina kazi, na nani aliyemburuta akapasuliwe hospitali kama si wewe, mamamkwe mtu? Nepi kazifua huyu hapa, si ndiyo, Nelida?" na Nelida akaitikia kwa kichwa, mara ya pili leo, kichwa kilijiinamia chenyewe kama cha kuku anayedonoa, huku mtoto wa dada yake amemlalia kifuani, shali limemfunika mpaka puani, na mbele yao mlango wa chumba cha dharura umefungwa, mlango mweupe wenye alama za viatu pale chini watu wanapousukuma kwa mguu, na nyuma yake Zulma amelala kiubavu kwa sababu chali hawezi… ameitikia tena, uongo ule ule, na daktari aliusikia mara ya kwanza akaingia nao ndani. Maana daktari aliuliza vizuri, hakuna anayeweza kusema hakuuliza vizuri, Daktari Arancibia, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alisimama pale pale mlangoni akawaeleza taratibu kama mtu anayesomea watoto, homa, maumivu ya uti wa mgongo mahali pamoja ambapo akigonga kwa kidole tu mgonjwa anapiga yowe, kisha maumivu yanayoshuka miguuni kama umeme, kisha miguu kulegea, na sasa mkojo hautoki, "haya yote yakikutana kwa mtu mmoja nahofia usaha," alisema, "jipu lililojificha ndani, baina ya mfupa na utando unaofunika uti wa mgongo, kwa nje huwezi kuliona lote, linajaa na kuubana uti mpaka miguu haipati tena habari kutoka kichwani," na kumbe hata ndani ya fuvu huweza kukaa jipu la namna hiyo, ndiyo maana alimuuliza Zulma habari za masikio na pua, na kama kichwa kinamgonga, na kama anawachanganya watu, hapana, hapana, ni mgongo tu, damu wameshamtoa, lakini damu inasema tu kwamba mwili unapigana, haisemi unapigania wapi, inayosema ni picha, ile ya mashine ya sumaku, na mashine iko upande wa pili wa jiji la Cochabamba, ambulensi ni moja, na kuna mzee aliyeanguka kutoka kwenye lori la viazi naye anaingojea hiyo hiyo. "Mwenyewe amesinzia kwa dawa ya maumivu, sasa niambieni ninyi kweli, miguu ilianza kulegea lini? Kama ni jana au leo, anatangulia yeye na madaktari wa upasuaji wanajiandaa, kila saa inayopita inaondoka na miguu yake. Kama ni tangu kujifungua, huenda sindano iligusa mshipa wa fahamu, hilo linaweza kungoja mpaka kesho." Na Doña Encarna alikuwa amesimama hapo hapo, mikono kiunoni, akimtumbulia Mama macho, na Mama akasema tangu kujifungua, daktari, tangu siku ile ile, hajasimama mwanangu, muulize mdogo wake, na mdogo wake akainamisha kichwa. Kesho! Wamempa kesho Zulma, kama wanavyompa mtu tikiti ya basi… "Wanawake wa siku hizi hawafundishiki," Doña Encarna alikuwa anaendelea, "mimi nilizaa saba, arobaini zote nilikaa kimya kama gunia, sikugusa hata kijiko kilicholala nje," na Mama, "Gunia kweli, hilo umesema mwenyewe," na mwanamke mmoja wa benchi la pili akacheka ndani ya kofia yake, watu wanacheka, watu wanakula mahindi ya kuchemsha wakisikiliza, na ndani mtu anapoteza miguu… wote walikuwa wameshaipa maradhi jina kabla hata hawajamtazama mgonjwa, hilo ndilo lililokuwa likimchoma Nelida, kila mtu alikuja na jina lake tayari, Doña Encarna na baridi ya uzazi, Zulma alipoanza kutetemeka wakamwongezea mablanketi, homa ilipopanda wakasema ndiyo hiyo, baridi inatoka, mnyweshe chai ya majani ya rosemari, mchuzi wa kondoo, mfunge kichwa, na Mama na sindano yake ya mgongo, na shangazi, na majirani wote, kila aliyewahi kupasuliwa alikuja kushika kiuno chake mwenyewe na kusema hata mimi, mpaka leo mvua ikinyesha naumwa, hiyo haiponi, utazoea, na yule daktari wa kituo cha afya kule kijijini, yeye ndiye aliyestahili kutemewa mate, hakumvua hata shali, aliketi nyuma ya meza yake akasema, "Sindano hiyo, mama, wote mnalalamika," akampa vidonge vya maumivu, hakuuliza homa, hakugonga kwa kidole, kidole kimoja tu kingetosha, kidole hakinunuliwi dukani! Na nani angeona, na mgongo wenyewe ulikuwa umefungwa mshipi wa sufu toka mbavuni mpaka nyongani, mizunguko juu ya mizunguko, kwa kuwa mzazi hapigwi hewa mgongoni, haya ndiyo tunayojivunia, tunamfunga mzazi kama mzigo wa kupeleka mnadani kisha tunashangaa hatujui kilichomo… Nelida aliona. Alipoufungua mshipi ili kumfuta jasho aliona pale ilipoingia sindano pamevimba kidogo, pekundu, pa moto kuliko sehemu nyingine, akamwita Doña Encarna, na Doña Encarna akatafuna majani ya koka akayabandika juu na mafuta ya kondoo, akafunga tena, akakaza, "Usiwe unamfungulia hewa, imilla," binti, ndivyo anavyomwita, hajawahi kutaja jina lake, na kweli yeye ni nani, binti aliyetolewa shule aje kushika mtoto, utarudi mwakani, Mama alisema, dada yako ana mwaka mgumu, mumewe Rómulo yuko ng'ambo ya mpaka, bandarini Iquique, anabeba makontena ya watu na nani atamsaidia, akaacha madaftari kwenye mfuko wa unga juu ya kabati, sawa, aliacha, hakulia mbele yao, lakini kama walimtoa shule aje kumtazama Zulma basi waulize alichokiona! Yeye ndiye aliyelala naye kitanda kimoja, yeye ndiye aliyemshika mkono usiku alipouma shuka, yeye ndiye aliyemwona jana… jana asubuhi, kabla jua halijafika uani, aliamka na kukuta upande wa Zulma mtupu, akatoka, akamkuta kwenye birika la kufulia, amejitanda blanketi, mikono mpaka viwikoni ndani ya maji, "Nenda kalale," Zulma alimwambia, "vidole vyako vimepasuka vyote, unafikiri sivioni? Leo nimeamka na nafuu kidogo," ilikuwa ile nafuu ya vidonge, na uso wake ulikuwa mwekundu wa homa lakini alikuwa anacheka, akakamua nepi ya mwisho akamrushia, "Ukimwambia yule bibi nitasema ni wewe," na jioni akasema mguu wa kushoto umekufa ganzi, usiku ukaburuzika, leo mguu wa kulia ukaufuata na choo kidogo kikagoma. Jana, jana, jana jioni! Si tangu kujifungua! Na maji hayakufanya lolote, daktari hakutaja maji hata mara moja, alitaja wadudu walioingia na sindano au kutoka kwenye jipu la ngozi au kupita kwenye damu, hakusema maji, lakini nani hapa atasikia hivyo… "Nitampigia Rómulo leo leo," Doña Encarna alikuwa anasema sasa, sauti imeshuka, na ikishuka ndiyo mbaya, "nitamwambia mkewe alivunja arobaini kwa makusudi, na mjukuu wangu atakuja kwangu, sitamwacha na mtu asiyejitunza," na Nelida akamtazama Mama, akatarajia jibu kali. Mama alikuwa amelishika pindo la shali la mtoto, amelikunja, amelikunjua, kope zinamchezacheza… kumbe ni hili. Kumbe Mama hasemi uongo kwa ubishi. Mama anajenga ukuta, tofali juu ya tofali, hakusimama, hakufua, hakuvunja, ili wasimchukulie Zulma mtoto wake, ili wasimrudishe nyumbani na jina baya, na ukuta huo umemwangukia Zulma mwenyewe, na kwa ghafla ile hasira iliyokuwa imemjaa Nelida tangu asubuhi, hasira ya kurusha viti, haikuwa na mahali pa kukaa, haikutoka, ila ilituama ikawa nzito na tulivu kama maji ya birika lile, akamwona Zulma miaka ijayo kwenye kiti cha magurudumu, hana lawama yoyote, msafi kabisa, kila mtu anakubali kuwa hakugusa maji, na kichanga huyu keshakuwa mkubwa anamkimbia uani na hamfikii… hapana. Na alaumiwe. Wamseme mpaka midomo ikauke, amebeba ndoo, amesimama sokoni, na alaumiwe akiwa amesimama, na hata Mama, Mama atanichukia, atanichukia hapa hapa mbele ya watu wanaotafuna mahindi, na Doña Encarna atafurahi, atanishika bega aseme mnaona, mnaona imilla mwenyewe kasema, na hiyo ndiyo itakayouma kuliko kofi… mtoto akajinyoosha ndani ya shali, akatafuta titi kifuani pasipo na titi, akanuna, na pale pale mlango ukasukumwa kwa mguu, Daktari Arancibia akatokeza nusu ya mwili akimwambia dereva asiyeonekana, "Mchukue mzee wa lori kwanza," na Doña Encarna akawa anasema "saba, nilizaa saba," na Mama akaona Nelida amesimama, akamshika sketi kwa nyuma, akaishika kwa nguvu, wala hakuuliza anakwenda wapi, na Nelida akapiga hatua sketi ikiwa bado imeshikwa, kichanga begani, mpaka akafika karibu kiasi cha kuona kola ya daktari ilivyochakaa, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka benchi la pili:

"Daktari, nepi alifua dada. Jana asubuhi alisimama uani kwa miguu yake miwili, akafua zote, akaanika. Mama anakudanganya, na mimi pia nilikudanganya. Miguu imeanza jana jioni."