Upepo wa Puani

Kwetu Knjaževac, mji mdogo wa Serbia, watu hawafi kwa moyo. Wanakufa kwa upepo, ule unaoingia dirisha hili na kutokea lile, ukakupiga shingoni. Waulize. Kila mmoja ana mjomba aliyekaa na jasho lake katikati ya milango miwili, wiki hiyohiyo wakamzika. Na usijaribu kubisha, utaonekana hukulelewa.

Mume wangu Vidoje alikuwa na moyo uliochoka. Daktari akagundua kwamba usingizini pumzi yake inakatika, na kila inapokatika, moyo unafanyishwa kazi ya punda. Akampa mashine ya kusukuma hewa, yenye mpira mrefu na barakoa ya kufunga puani.

"Kila usiku," alisema. "Siyo ukijisikia."

Mdogo wake Miodrag, mkoromaji kama yeye na mwenye moyo wa ukoo uleule, naye akapewa yake. Tulicheka sana. Miodrag alikuwa akiingia kwetu anapiga saluti: "Rubani, leo tunaruka saa ngapi?"

Lakini Vidoje aliivaa majira yote ya baridi. Uvimbe wa miguu ukashuka. Akawa anapandisha kuni ghorofani bila kutua kwenye ngazi. Nami nikalala, jamani, nikalala kama mtu, baada ya miaka ya kutega sikio nisikie kama bado anapumua.

Pasaka ilipofika, mama mkwe wangu Stamena akahamia kwetu kutoka kijijini. Jioni ya kwanza aliingia chumbani bila kubisha hodi, akaweka kiganja kwenye ile barakoa.

"Yesu wangu! Upepo! Baridi! Rosanda, unampulizia mwanangu upepo puani usiku kucha?"

"Ni dawa, mama. Daktari ndiye kasema."

"Daktari kamzaa?"

Alikaa ukingoni mwa kitanda akilia mpaka Vidoje akaivua. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu Vidoje hakungoja machozi. Aliiacha kabatini mwenyewe, akageukia ukutani.

Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamnunia. Miguu ikaanza kujaa tena, soksi zikimwachia alama za kuchimba.

"Mama ana miaka themanini," alisema. "Acha nimtulize roho. Akirudi kijijini nitaivaa."

"Na asiporudi?"

"Usimtakie mama yangu mabaya."

Nilimtakia. Sioni haya kusema. Mtu mzima wa miaka hamsini na sita, fundi aliyekuwa akifokea mabasi mpaka yakawaka, alimwogopa bibi kizee wa kilo arobaini kuliko alivyoogopa kufa.

Hakurudi kijijini. Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, Vidoje alijilaza kwenye kochi. Mama yake alifunga madirisha yote, akamfunika blanketi, na ilikuwa Julai. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo. Nikasikia koromo likikatika. Nikangoja lirudi, maana huwa linarudi. Nikasuuza sufuria nzima nikingoja.

Siku ya arobaini tuliwaandalia watu ngano tamu ya marehemu, kabichi za nyama na rakija, ile pombe yetu kali ya matunda. Jirani mmoja akanipoza: sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia lilisikia vizuri sana, ila lilikuwa na mama. Hakurudia.

Mwisho wa meza, Stamena alikuwa ameshika mikono ya watu, mmoja baada ya mwingine.

"Ile mashine ndiyo iliyomuua mwanangu. Ilimjaza upepo kifuani."

Nikasimama. "Hakuivaa, mama! Tangu Pasaka hakuivaa hata mara moja! Wewe ndiye uliyemvua!"

Aliniangalia kwa huruma, kama anayemwangalia mtoto mjinga.

"Lakini ilikuwa chumbani," alisema.

Na watu wakatikisa vichwa. Watu wazima, wengine wamesoma, walitikisa vichwa kumkubalia, wakamwongezea rakija.

Nilitoka nje nisije nikampiga. Miodrag alikuwa kwenye ngazi, anavuta sigara, macho mekundu. Nikamshika bega. Huyu alimwona kaka yake akipandisha kuni. Huyu anajua.

"Niambie wewe unavaa ya kwako," nikamwomba. "Niambie hilo tu, nitulie."

Alizima sigara kwa kisigino, polepole, hata pale ilipokuwa imeshazimika.

"Shemeji, nisamehe," alisema. "Nimeirudisha hospitali jana. Nina watoto wadogo mimi."