Bakuli la Bi Mwanamkuu

Bi Mwanamkuu alikuwa amekula kiapo, tena mbele ya Mzee Chirau, mtu asiyesahau neno hata akilisikia usingizini. Aliapa kwamba watafiti wa kichocho wakichukua mkojo wa watoto wa Kikoneni, majibu yatarudi Kikoneni.

Mzee Chirau alikuwa na sababu zake. Miaka mingi nyuma walikuja wengine, wakamtoa damu mkononi, wakamshukuru sana, wakaenda zao moja kwa moja. Damu yake imepanda ndege, alikuwa akisema dukani, na yeye Mombasa kwenyewe kafika mara mbili. Hata safari hii, alipopewa kikopo cha mkojo, alikipokea kwa adabu akaenda kukitilia ugoro.

Lakini Bi Mwanamkuu ndiye mhudumu wa afya wa kijiji, anayewapeleka kina mama kliniki na kuwakumbusha chanjo, na hakuna mlango asiofunguliwa. Watu walikubali kwa ajili yake. Siku ya vipimo ikawa kama sikukuu. Mkojo wa kichocho hutakiwa karibu na adhuhuri, mtoto akiwa ametoka kukimbia, basi shule nzima ilikimbizwa kuzunguka uwanja, walimu nyuma yao, Bi Mwanamkuu akipunga leso na kushangilia mpaka sauti ikamkauka. Daktari Nusaiba, kiongozi wa watafiti, alicheka hadi akakaa chini. Jina lake ni la pwani na mamake ni wa Vanga, ila alilelewa Nairobi, na ubara ulikuwa umemkaa.

Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Majibu kimya. Watu walianza kumuuliza Bi Mwanamkuu habari za mkojo wao, kwanza kwa kicheko, kisha bila kicheko. Siku ya chanjo, jirani yake mmoja hakumfungulia mlango, na sauti ya redio ilisikika ndani. Hilo lilimuuma sana. Kazi yake yote ni neno lake. Likishapotea, kitambulisho cha shingoni hakimsaidii kitu.

Hakupiga simu kulalama. Alipika kaimati, akazitia katika bakuli lake la maua ya samawati, alilopewa siku ya harusi yake, akalifunika na kumpa mwanawe Swabir alifikishe ofisini kwa Nusaiba, Msambweni, kwa salamu tu. Mtu wa pwani akiletewa bakuli anajua la kufanya. Hulirudisha mwenyewe na kitu ndani: ndimu, sukari, akikosa kabisa hata chumvi. Kisha mnakaa, mnazungumza. Ndipo hapo Bi Mwanamkuu alipopanga kuuliza.

Nusaiba alikuja kweli, Jumamosi, siku ya mkutano wa wazazi pale zahanati. Akaamkia wakubwa, akasifu kaimati, kisha mbele ya wote akamkabidhi Bi Mwanamkuu bakuli lake. Limeoshwa, linang'aa, na ndani hamna kitu.

Mzee Chirau akanyoosha shingo, akachungulia.

"Hata chumvi," akasema taratibu.

Kicheko kikawatoka wote, na Nusaiba, asijue kosa lake, akacheka nao. Bi Mwanamkuu hakucheka. Alimwonea haya binti wa watu, akamvuta kando ili amsitiri, akamuuliza majibu yako wapi. Nusaiba akamwambia yapo tangu mwezi ule wa kwanza baada ya vipimo, ila utaratibu wa mradi ni kungoja mpaka ripoti ichapishwe.

"Mwanangu, huku bakuli la jirani halirudi tupu," akasema Bi Mwanamkuu. "Kwa kaimati sikulaumu, hukufunzwa. Lakini tulikupa vikopo mia mbili vimejaa. Umeturudishia nini?"

Nusaiba alilitazama lile bakuli, machozi yakimlengalenga. Akaomba aazimwe tena. Akaondoka bila kunywa chai, na Bi Mwanamkuu akashinda juma zima akijilaumu kwamba amefukuza mgeni.

Jumamosi ya pili yake, gari likasimama mbele ya zahanati. Nusaiba akateremka amelishika bakuli kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na karatasi zilizokunjwa, kila moja na jina la mtoto na majibu yake kwa Kiswahili, na juu ya karatasi, pakiti ya chumvi. Alisema amegombana na wakubwa wake siku sita, na siku ya saba wakachoka. Nyuma yake waliteremka wauguzi na dawa.

Bi Mwanamkuu akapiga kigelegele kilichofika barabarani. Majina yakaitwa. Watoto sitini na wawili walikuwa na kichocho, wengi wao ni wale wanaooga kwenye kivuko kimoja cha mto. Wazee waliozoea kusema kijana akikojoa damu ndiyo amekua wakatazamana. Watoto wakalishwa mihogo kwanza, wakapimwa urefu kwa ufito wenye alama ili ijulikane kila mmoja ameze vidonge vingapi, wakameza huku wamekunja nyuso. Jirani wa redio akaja akamshika Bi Mwanamkuu mkono. Bi Mwanamkuu alifurahi, kisha akajizuia, maana majibu mengine hayakuwa ya kufurahia.

Katika wale sitini na wawili alikuwamo Idris, mjukuu wa Mzee Chirau. Mzee aliisoma karatasi mara mbili. Akamwomba Nusaiba kikopo kipya, kwa kuwa cha kwanza kilinuka ugoro, akatoka.

Adhuhuri alirejea akihema, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho, kikopo amekizungushia gazeti. Watoto walikuwa wakimfuata kwa vicheko kutoka uwanjani.

"Nimekimbia raundi mbili," akamwambia Nusaiba, akimpa. "Haya, binti. Na mimi chombo changu nakitaka kirudi na kitu."