Seneti ya Vitanda vya Juu

Mubarak aliyasikia akiwa mlangoni, kiatu kimoja mkononi, ndio kwanza ametoka zamu ya asubuhi kule Al Jaddaf anakolinda lango la jengo la vioo.

"Wa chini wanamshtaki," sauti ya Henry ilikuwa ikisema ndani. "Wa chini wakikubali, anapelekwa kwa wa juu. Wa juu wawili kati ya watatu wakisema atoke, khalas, anatoka. Hana pa kukata rufaa."

"Na rimoti ya AC je?" mtu akauliza, na wote wakaangua kicheko.

Alipousukuma mlango, kicheko kikakatika. Munir, yule Mmombasa, akasema "Karibu, mzee" kwa heshima iliyozidi kipimo. Henry akageukia ukuta na simu yake.

Chumba chenyewe kilikuwa Deira, huko Uarabuni, juu ya duka la mabegi ya jumla. Kilikuwa na vitanda vitatu vya dabodeka, juu na chini, watu sita, na kitanda kimoja cha peke yake pale dirishani. Hicho cha peke yake kilikuwa cha Mubarak, kwa sababu yeye ndiye mkubwa wa chumba. Rimoti ilikaa kwake. Zamu za kupika alipanga yeye, na ugomvi wa bafuni aliukata yeye. Isaiah, aliyekuwa mkubwa kabla yake, ndiye aliyemwachia: siku ya kurudi kwao Uganda alimkabidhi rimoti kwenye mlango wa teksi, akamwambia, "Watunze hawa."

Usimcheke. Kazini Mubarak alikuwa akiwafungulia mlango watu wasiomtazama usoni, yes sir, yes madam, kutwa nzima. Chumbani watu wazima sita hawakupakua chakula mpaka afike. Kila mtu ana mahali pake pa kuwa mtu, na pake palikuwa hapo.

Basi alijilaza, akafumba macho, akaanza kupiga hesabu. Wa chini walikuwa Yowasi, Wahid na Ramathan. Wa juu walikuwa Henry, Clifford na Munir. Munir alikuwa na kinyongo tangu alipokatazwa kukaanga papa chumbani. Munir na Henry, tayari wawili kati ya watatu. Kikulacho ki nguoni mwako, akajiambia, na jasho likamtoka ilhali rimoti alikuwa nayo mwenyewe.

Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Yowasi alimpandishia Henry chai kitandani, kwa nini? Clifford alikuwa akiosha sufuria huku akinong'ona, "Seneti miaka sita, wale wengine miwili." Na kila Mubarak alipoingia, wote walinyamaza. Hakukumbuka kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewapigia marufuku kelele anapotoka zamu.

Alhamisi akakuta boksi la televisheni limekunjuliwa na kubandikwa ubavuni mwa kabati. Henry alikuwa amechora juu yake vyumba vitatu kwa kalamu nzito: BUNGE, RAIS, MAHAKAMA, na mishale kati yake. Mishale iliingia kwa RAIS kutoka kila upande. Ilikuwapo pia inayotoka kwa RAIS kwenda kwa wengine, lakini mwenye hofu huona mshale unaomjia tu. Mubarak alilibandua lile boksi, akalisukuma chini ya godoro lake.

Jioni Henry alipekua kila kona. "Mzee, hujaona mchoro wangu?"

"Sijaona."

Henry alimshukuru, akaendelea kuinama chini ya vitanda. Mubarak alifurahi kumwona anahangaika, kisha akachukia kwamba amefurahi. Usiku huo ubavu wake uliisikia mikunjo ya lile boksi kila alipogeuka.

Jumapili, wote wakiwa nyumbani na sahani zimeshaondolewa, akasimama.

"Nimewasikia," akasema. "Mnadhani mimi mjinga? Mnataka kunipindua."

Watu wakatazamana. Ramathan akacheka, kisha akaona hakuna wa kucheka naye.

"Henry ndiye kiongozi wenu. Wa chini wanashtaki, wa juu wanahukumu. Kataa!" Akalichomoa boksi chini ya godoro na kulitupa mkekani. "Na hii ndiyo ramani yenu!"

Henry aliliangalia lile boksi akiwa juu kitandani kwake.

"Mzee, mimi ninasoma," akasema polepole. "Ni chuo cha Marekani, kwa mtandao. Kuna somo la serikali yao, kila mwanafunzi lazima alifanye. Bunge lao lina nyumba mbili, na nilikuwa ninazichanganya, basi hawa wakanisaidia kurudia. Tukasema vitanda vya juu ni Seneti, vya chini ni wawakilishi. Kitanda chako ni Ikulu. Ni njia ya kukumbuka tu."

"Mtihani lini?" Mubarak akauliza. Sauti ilikuwa imeshapungua.

"Ulikuwa jana."

Hapo Mubarak alitamani sakafu ifunguke imdondoshe kwenye duka la mabegi. Laiti angesema pole! Neno lilikuwa dogo, lakini mkubwa wa chumba hakuwahi kumwomba radhi mtu pale.

"Lile boksi Henry alilitafuta mpaka chini ya friji," Munir akasema. Hakuwa akitania tena. "Ulikuwa walilalia, bwana. Na akakuuliza, ukakana. Hebu nikuulize na mimi: nani alokuchagua?"

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Swali hilo halikuwahi kuulizwa katika chumba kile. Hakuna aliyekuwa amelifikiria, mpaka Mubarak mwenyewe alipowakusanya na kuwafikirisha.

"Isaiah aliniachia!"

"Isaiah alikuachia rimoti. Sisi hakutumiliki."

"Basi pigeni kura!" Mubarak akapaza sauti, akiamini hawatathubutu. "Si mnaijua? Yalla, pigeni!"

Wakaipiga, na waliijua kweli, wiki nzima walikuwa wakimsaidia Henry kurudia. Yowasi aliinua mkono kwanza, macho chini, kisha Wahid, kisha Ramathan. Ameshtakiwa. Kisha ikawa zamu ya vitanda vya juu. Munir akainua. Clifford akasitasita, akamtazama Henry, akainua.

Henry hakuinua.

"Wewe?" Munir akamshangaa. "Wewe ndiwe uliyeibiwa!"

"Ninapinga," Henry akasema. "Katiba yao imetaja uhaini, rushwa, na makosa makubwa. Kushuku watu hakumo." Akamgeukia Mubarak. "Na swali la kumwondoa rais lilikuja kwenye mtihani, mzee. Nililijibu kwa kutazama vitanda. Kwa hiyo hukuniharibia sana."

Lakini wawili kati ya watatu ni wawili kati ya watatu, na hilo Mubarak alikuwa amelipigia hesabu kabla yao wote. Aliichukua rimoti chini ya mto wake wa kulalia, akaiweka mkekani juu ya boksi. Hakuna aliyeigusa. Wahid akauliza makamu ni nani, na ikaonekana hakuwahi kuwapo makamu.

Mubarak akakaa kitandani. Alitaka kumshukuru Henry. Mtu ambaye yeye alimdanganya, akamfichia kazi yake, akamwita msaliti mbele ya watu, ndiye peke yake aliyesimama naye. Alimtazama pale juu, miguu inaning'inia, uso mtulivu kabisa, akafungua mdomo ili aseme asante.

Badala yake wazo likamjia, bila kuitwa, kama lilivyozoea: huyu anataka nini kwangu?

Akaufunga mdomo. Na hapo ndipo alipojua kwamba wale wawili wa juu walikuwa wamepiga kura ya haki.