Mbuzi Aliyeliwa Mara Mbili

Redempta alikuwa skauti wa msitu pale Mgori kwa mwaka wa sita. Mara tatu kwa wiki alizunguka upande wa kusini wa msitu, akatazama nyayo, kisha akawaambia wachungaji fisi wamehamia upande gani ili wasipeleke mifugo huko. Mwanzoni watu walimcheka. Yeye mwenyewe alikuwa na kovu refu kwenye mkono wa kushoto, aliloachiwa na fisi alfajiri moja alipokuwa akienda kisimani, na hawakuelewa kwa nini aliyeumwa awatetee waliomuuma. Alikuwa akijibu kwamba asubuhi ile alipita njia yao kabla hawajarudi kulala, na tangu ajifunze saa zao hawajagusana tena.

Alikuwa mjane na hakujaliwa mtoto. Mbuzi wake kumi na wawili walilala katika zizi la kaka yake, Alphonce, ambalo lilikuwa na uzio mzito wa miti na miiba. Alphonce naye alifiwa na mke mwaka juzi, akabaki na watoto wanne, na mama yao Redempta na Alphonce, Bibi Cecilia, aliishi hapohapo akiwalea wajukuu. Redempta ndiye aliyenunua sare za watoto wale, na msimu wa kupalilia alizeti alianza na shamba la kaka yake kabla ya lake.

Mwezi wa pili, Alphonce alibisha mlangoni kwake jua likiwa bado halijatoka.

"Fisi wameingia zizini," alisema. "Wamechukua saba. Wote wa kwako."

Redempta alitoka naye mbio. Mvua ilikuwa imenyesha, na zizi lote lilikuwa tope lililokanyagwa na mbuzi waliobaki. Langoni palikuwa na damu kidogo na kipande cha ngozi. Alizunguka uzio kwa nje akitafuta nyayo, akazunguka tena, hakuona hata moja.

"Saba kwa mara moja, kaka? Na hukusikia kelele?"

"Mvua ilikuwa inapiga bati. Au unaona nakudanganya?"

Akaona aibu kwa kuuliza. Siku hiyohiyo aliandika taarifa katika ofisi ya kijiji kwamba fisi wameua mbuzi saba, akataja rangi ya kila mmoja, pamoja na jike mweupe ambaye pembe yake ya kulia iliumia akiwa mdogo ikaota imepinda. Akatia sahihi. Kwa miaka sita hakuwahi kuandika jambo ambalo hakulithibitisha kwa macho yake.

Baada ya wiki mbili Alphonce alimfuata shambani.

"Nionyeshe wanapolala hao fisi," alisema. "Nataka nipajue ili nisipitishe huko hawa waliobaki."

Mahali pale Redempta hakuwahi kumwonyesha mtu. Wachungaji aliwatajia upande tu, basi. Lakini huyu alikuwa kaka yake, tena ombi lake lilikuwa lilelile ambalo yeye amelihubiri kijijini miaka yote. Wakaenda alasiri, mwendo wa saa moja na nusu, hadi kwenye kichuguu kikubwa ambacho muhanga alikichimba zamani akakiacha. Wakalala kifudifudi nyuma ya kichaka, upepo ukiwapiga usoni. Jua lilipopoa, jike mmoja mwenye sikio lililochanika alitoka shimoni, na nyuma yake vitoto viwili, vyeusi kama mkaa, vikaanza kumng'ata mkia.

Redempta alikuwa anatabasamu. Alphonce alitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe wana watoto," alisema.

Siku ya nne Redempta aliona tumbusi wakizunguka juu ya upande ule wa msitu. Alipokaribia aliwakuta wengine wameanguka chini, mabawa yametandazwa. Jike mwenye sikio lililochanika alikuwa amelala hatua chache kutoka shimoni. Wengine watano walikuwa wametawanyika njiani kuelekea kwenye maji. Vitoto alivikuta kwenye mdomo wa shimo, kimoja juu ya kingine. Hewa ilinuka dawa ya kupulizia vitunguu.

Alitafuta chambo ili akifukie, wasife wengine. Alikipata chini ya kichaka kilekile walicholalia yeye na kaka yake. Kilikuwa mzoga wa mbuzi, tumbo limeraruliwa, lakini kichwa kilikuwa kizima. Jike mweupe. Pembe ya kulia imepinda.

Akakaa chini. Mbuzi huyu alikuwa ameliwa na fisi wiki mbili na zaidi zilizopita, na aliyeandika hivyo ni yeye. Alishika ile pembe, akaliona jeraha lake la zamani, akaiachia. Kisha alichimba kwa panga na mikono mpaka mchana, akawafukia wote aliowaona, mbuzi naye akamfukia.

Alphonce alikuwa anarekebisha mpini wa jembe uani. Alipoyaona matope kwenye mikono ya dada yake hakuuliza yametoka wapi.

"Wale sita wako wapi?" Redempta aliuliza.

"Issuna," Alphonce alisema, bila kuinua macho. "Nimeposa. Binti anaitwa Jenifa. Mbuzi wangu hawakutosha."

"Na huyu wa pembe?"

"Wamemrudisha. Walisema hawapokei mahari yenye kilema. Ningemweka wapi? Ungemwona."

"Na fisi walikukosea nini?"

"Wewe mwenyewe uliandika kwamba wamekula. Nikaona wakifa, habari yenyewe imeisha."

"Kaka, ungeniomba ningekupa."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Tangu mke wangu afe, kila kitu humu ndani kimetoka kwako. Sare, chumvi, mbegu. Hata mke nikuombe wewe?"

Mama yao alikuwa amesimama mlangoni, mjukuu mdogo mgongoni. Redempta akamgeukia, akitegemea angalau neno moja la kumkemea Alphonce.

"Mimi ndiye niliyemwambia awachukue," Bibi Cecilia alisema. "Watoto hawa wanahitaji mama. Na wewe, mbuzi wako ungemwachia nani?"

Redempta alifungua lango la zizi, akawatoa mbuzi wake watano mmoja mmoja, akawaswaga hadi kwake. Usiku ule walilala naye ndani ya nyumba, na yeye hakupata usingizi.

Asubuhi alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Idrissa, akamsalimu shikamoo, akaomba taarifa yake ya mwezi wa pili.

"Ya nini tena?"

"Ni ya uongo. Niliandika nisichokiona. Nataka kuandika nyingine."

Mzee Idrissa aliisikiliza habari yote. Mbwa wawili wa jirani yake walikuwa wamekufa asubuhi hiyo, na sasa alijua kwa nini. Hata hivyo alisugua paji la uso. "Mwanangu, haya ni ya kumalizia nyumbani. Likifika wilayani, kaka yako atashikwa. Na wewe kazi hutabaki nayo, kwa sababu sahihi ni yako."

"Naelewa, Mwenyekiti."

Aliandika ukurasa mzima. Maofisa wa wanyamapori walikuja wiki hiyo, wakafukua, wakachukua vipimo, wakamchukua na Alphonce. Alikaa mahabusu siku tisa kabla ya kupata dhamana. Jina la Redempta lilifutwa kwenye orodha ya maskauti. Njiani watu walimsalimu kwa kifupi. Wengine walisema wazi kwamba mtu anayemfunga ndugu yake kwa ajili ya fisi hana tofauti na fisi. Katika wote hao hakuna aliyewataja mbuzi.

Kesi ilipokaribia, Bibi Cecilia alikuja kwake kwa miguu. Redempta alikuwa anakata miiba ya kuzungushia zizi dogo nyuma ya nyumba. Alimsalimu, akampa kigoda na maji.

"Jenifa ameingia nyumbani," mama yake alisema. "Ni binti mzuri. Watoto wamempenda."

"Nafurahi kusikia."

"Nenda ukawaambie ulikosea, mwanangu. Waambie huna uhakika."

"Nilikosea mara ya kwanza, mama. Nilipomwamini."

Bibi Cecilia alikunywa maji yote, akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo umekataa."

"Nimekataa."

Jua lilikuwa linashuka. Redempta aliacha panga, akamsindikiza mama yake njia nzima hadi kwenye lango la Alphonce, kwa kuwa hiyo ndiyo saa ambayo fisi huanza kutembea, na wale wa upande wa kaskazini walikuwa bado hai. Alisubiri mpaka mlango ulipofungwa, kisha akarudi peke yake.