Saluti kwa Kitenge

Wakati wa vita ya Shaba, mbali kule kusini, Komanda Badibanga alipigana hapa hapa Kindu, kwa mudomo. Debe tupu, lakini debe lenye bastola. Kila asubuhi alitukusanya kwenye gare, pale treni zinasimama, anatutangazia ushindi, halafu anaapa: atakayekimbia vita atamupiga risasi kwa mukono wake, hata akiwa damu yake.

Damu yake ilikuwa imeshakimbia zamani. Tshimanga, mutoto wake mwanaume wa pekee, alitoroka jeshi kule Shaba, akarudi amejificha katikati ya magunia ya mahindi, amebaki mifupa. Mama yake, Kanku, hakumupeleka nyumbani. Alimuleta kwetu, wanawake wa animation, sisi tuliolazimishwa kucheza na kuimbia Chama. Tukamuvalisha kitenge chenye picha ya Guide, Rais wetu, tukamufunga kilemba, tukamuweka musitari wa nyuma. Alunguli yote, mutaa wetu, ilijua. Mimi Bitota njo nilimufundisha kutikisa mabega.

Utauliza, baba hakumutambua mutoto wake? Baba gani! Macho ya yule mutu hayakupanda hata siku moja kupita kifua cha mutu. Akiona picha ya Guide kwenye kitenge, anaipigia saluti, anapita. Sura zetu hazikuwa na kazi kwake.

Jumapili moja akasimama mbele ya Tshimanga. Akakipigia kitenge saluti.

"Sitwayene huyu anacheza na nguvu ya mwanaume," akasema; vile njo Chama kiliita kila mwanamuke. "Wote wangekuwa hivi, vita ingeisha. Treni ya leo inapeleka askari Kamina, kwenye vita. Naye apande, akawatie moyo."

Kanku alifungua mudomo. Akisema yule ni nani, bastola iko pale kiunoni mwa bwana yake. Akinyamaza, treni iko pale. Nilimuangalia akichagua, nikamuchukia yule Komanda. Akanyamaza. Kwenye treni mutu anaweza kuruka njiani.

Badibanga mwenyewe alibeba kifurushi cha Tshimanga mpaka mulangoni, akamushika mukono kumupandisha. Mukono wa mutoto wake ulikuwa ndani ya mukono wake, naye akaangalia picha ya Guide.

Treni ilipoondoka, Kanku akaanguka juu ya kokoto za reli, akalia kama wanavyolia matangani. Komanda akavimba kwa furaha.

"Muoneni muke wangu," akatuambia. "Leo njo amejua kupenda inchi."

Halafu akatuamuru tuimbe, na tukaimba.