Barua ya Kumdaka Fundi

Alikosa nywele tangu hajafika arobaini. Alikosa magego mawili ya kushoto, akawa anatafuna upande mmoja kama mlango wenye bawaba moja. Alikosa cheo, kwa kuwa kila nafasi ilipotokea alisubiri aitwe, na asiyeomba haitwi. Alikosa mtoto, jambo ambalo yeye na mkewe walishalilia hadi machozi yakakauka. Zaidi ya yote alikosa ulimi wa kusema la moyoni. Ndiyo maana makarani wenzake wa posta walimwita Taratibu, naye akaitika.

Mke, hata hivyo, hakukosa.

Mkewe alikuwa mshonaji, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Miaka thelathini na moja iliyopita, siku ya Alhamisi, aliteleza kwenye ngazi za posta akiwa amekumbatia kifurushi cha nguo. Mguu wa kulia ukavunjika juu ya goti. Taratibu aliruka kaunta, akambeba, akamfikisha hospitali, na wiki saba mfululizo akawa anakwenda kumjulia hali. Wiki sita alizungumzia mvua na jua. Ya saba alijikaza, akaposa.

Lakini mfupa uliunga vibaya, na sasa daktari alikuwa amesema basi: cherehani ya kukanyaga iachwe, la sivyo siku moja mguu utagoma kabisa. Fundi aliifunika cherehani kwa shuka, akaipa mgongo. Hakulia. Hilo ndilo lililomchoma Taratibu.

Posta yao ilikuwa bado na muhuri wa mkono, wenye magurudumu madogo ya siku, mwezi na mwaka. Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, karani huzungusha tarehe. Jumatatu moja Taratibu, mawazo yake yote yakiwa kwenye mguu wa mkewe, alisahau, akagonga barua arobaini kwa tarehe ya Ijumaa. Ni kosa la kuchekwa na wenzako mwaka mzima. Ila mchana ule ule mwalimu mmoja, aliyekuwa ametuma barua asubuhi, alirudi ametoa macho.

"Karani, dada yangu kanijia sasa hivi. Anasema barua yangu kaipata Jumamosi! Jumamosi mimi nilikuwa sijanunua hata bahasha."

"Labda dada kachanganya siku."

"Nani, yule? Yule anakumbuka mpaka siku niliyoota jino."

Ili kuujaribu muhuri, Taratibu alijiandikia kadi, akaigonga tarehe ya mwezi uliopita, akaitia sandukuni. Aliporudi nyumbani aliikuta kwenye droo, imeanza kupauka. Papo hapo akakumbuka jinsi mkewe alivyoipokea mlangoni na kumkabidhi. Kumbukumbu mpya iliingia kichwani kama mwanafunzi aliyechelewa, na ile ya zamani ikainuka, ikampisha kiti.

Jumapili mchana akakaa mezani, akamwandikia Fundi wa miaka ile, kabla hajaanguka: *Dada, Alhamisi usije posta. Mtume mtu mwingine. Ngazi ya tatu inateleza.* Mistari michache tu, lakini ilimtoa jasho. Bila kuanguka hapakuwa na hospitali. Bila hospitali hapakuwa na zile wiki saba. Na bila wiki saba, mtu kama yeye angeoa nani?

Fundi alikuja akichechemea, akasoma juu ya bega lake. Habari za muhuri alikuwa anazijua, na aliziamini kabla ya mumewe, maana kadi ile aliipokea kwa mkono wake.

"Kumbe naachwa kwa posta," alisema. "Wenzangu hupewa talaka yao mkononi."

"Usinitanie, Fundi. Mguu utakuwa haujavunjika. Utashona mpaka uzeeke."

"Nishazeeka, hujaona? Na hizo suruali zako ninazozipanua kiuno kila mwaka, atazipanua nani?"

"Utapata mume mwingine. Mwenye nywele."

Fundi alicheka mpaka akashika kiti. Kisha kicheko kikamwisha. "Umeniuliza?"

Taratibu akaifunika barua kwa kiganja.

"Mguu ni wangu, sawa. Lakini miaka hii ni yetu sote. Huwezi kukitoa cha watu wawili peke yako, hata kama unatoa kwa huruma."

"Basi niichane?"

Fundi aliitazama cherehani chini ya shuka. Aliitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama mgonjwa wake.

"Usiichane. Mguu huu nauchukia, mume wangu. Sijawahi kukwambia. Kila nikipanda ngazi nauchukia." Akavuta kiti. "Ila wewe karani mzima, umekosea anwani! Mimi nilikuwa nimebeba mzigo, hata miguu yangu siioni. Mwandikie kijana wa kaunta. Mwambie atoke nje, asimame ngazi ya tatu, anidake."

"Atakudaka. Halafu? Utasema ahsante, utatuma kifurushi, utaondoka. Yule namjua. Atarudi ndani kupanga stempu."

"Basi tumsaidie. Sogea."

Taratibu akaiandika barua upya kwa kijana yule, kisha Fundi akashika kalamu. Chini ya maneno mapya ya mumewe aliandika kwa herufi zake kubwa zilizolala kama mshono: *Kijana, ukishamdaka, mvua na jua viache. Muulize nguo ni za nani. Kisha sema utamsindikiza. Atakataa. Muulize mara ya pili.*

"Ungekataa?"

"Mara moja. Mimi si kifurushi, kusema nichukuliwe hivi hivi."

"Na asipouliza mara ya pili?"

Fundi aliweka kalamu chini. Aliuchukua mkono wa mumewe, akauweka kwenye paja lake, pale mfupa ulipounga vibaya.

"Basi nitakuwa na miguu miwili mizima, na sitajua nilichokosa. Hilo naliogopa kama wewe. Lakini kijana yule mimi namjua kukushinda. Aliruka kaunta bila kufikiri. Mwoga haruki kaunta."

Jumatatu walikwenda wote wawili, kabla dirisha halijafunguliwa. Alimpandisha ngazi moja moja, mkono kiunoni. Ndani, Taratibu akaisoma barua tena, akaongeza neno moja chini kabisa: *Ndiye.* Akaikunja, akailamba bahasha, akaifunga na kuibana kwa kiganja mpaka gundi ikashika. Akarudisha magurudumu nyuma, mwaka baada ya mwaka, yakilia, hadi Jumatano ya kuamkia ile Alhamisi.

"Una la kusema?" aliuliza.

"Nilikuwa na furaha," Fundi alisema. "Ulijua?"

"Nilijua. Na mimi vilevile. Nimechelewa tu kusema."

Fundi akaweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe. Wakagonga muhuri pamoja, na Taratibu akaidondosha barua ndani ya sanduku.