Sindano Haneneki

...na eti minyoo, kila mwenye kinywa alisema minyoo, mpaka fundi cherehani wa nyumba ya pili, ambaye hajawahi kufuga hata kifaranga, alichungulia dirishani na uzi mdomoni akasema, "Minyoo hiyo, Bwana Upawa," na Upawa akamjibu wewe shona suruali za watu, ya tumboni tuachie wenyewe, kwa sababu yeye, na asimame mtu amkanushe, amelisha wanafunzi mia nne kwa mkupuo, asubuhi, mchana na jioni, miaka ishirini na sita, mpishi mkuu wa shule ya bweni, si msaidizi, si mwosha masufuria, mkuu, na hakuna aliyetoka bwaloni kwake na njaa, hata jina alilopewa na wazazi wake limeshasahaulika, watu wanamjua kwa huu upawa wa mti, mrefu kama kasia, aliotoka nao siku ya kustaafu badala ya ile saa ya ukutani waliyomzawadia, saa aliwaachia, saa ni ya watu wasiojua muda wa kula, na sasa saa tatu ya asubuhi amesimama nao jikoni kwake, mbele yake sinia la bati lenye samaki wa kuchemsha, miiba imetolewa kwa mkono, kwa mkono! na hapo chini paka wanne, watatu wamenona wanang'aa kama viatu vya harusini, na mmoja anakonda makusudi.

Makusudi, ndiyo, kwani aitweje paka anayewekewa samaki aliyechambuliwa miiba akaketi pembeni kama mgeni aliyekosea nyumba, huko uani binti yake anasema kitu, "Baba, kile kitambaa cha..." cha nini sijui, anatandika kikapu, tangu afike anatandika kikapu kimoja utadhani anatandika kitanda cha balozi, kikapu cha kumbebea Sindano, huyo anayekonda, maana ndicho alichokijia, amekuja na mizani, ile ya kupimia watoto wachanga, ameiazima kliniki anakofanya kazi, akamweka paka juu yake kwenye meza ya kulia chakula, akasoma, "Kilo mbili na robo," akamshusha, halafu, "Mwaka jana alikuwa na tatu na nusu, Baba. Namchukua. Akikaa hapa mwezi mwingine atakufa." Atakufa! Neno hilo, jikoni kwa nani, kwa Upawa! Kwamba kuna mwenye tumbo atatoka nyumba hii kwenda kutafuta chakula kwingine, na atatoka kwa mlango wa mbele, ndani ya kikapu, mchana kweupe, na yule wa cherehani ameshavuta kiti chake hadi kibarazani ashuhudie, ataisimulia hadithi hiyo kwa kila anayekuja kupunguziwa kiuno, Upawa kashindwa kulisha paka... hapana, hatoki mtu, Upawa ameshaandaa hotuba tangu alfajiri, ina vipengele, na cha kwanza ni ushahidi, ndiyo maana leo anawatazama kwa makini kuliko siku zote, amkamate huyu Sindano katika tabia yake mbaya, amwite binti aje aone kwa macho yake, tazama, chakula hiki, paka huyu, sasa nani mwenye makosa?

Kwanza jina lake halikuwa Sindano, alikuwa Kibonge, ndivyo mkewe Upawa alivyomwita, enzi za fujo, enzi ambazo Upawa yuko shuleni kutwa na mwanamke ndiye anawalisha, na anawalishaje, kisosi kimoja juu ya ndoo iliyofunikwa, kingine nyuma ya mlango wa stoo, kingine dirishani, kila paka na ofisi yake, mwingine anakula sasa mwingine saa nzima baadaye, Upawa alipostaafu akatazama vurugu ile akacheka mpaka akakohoa, akavikusanya visosi vyote akavifungia kwenye kabati la stoo, akaleta sinia moja, utaratibu mmoja, upawa unagongwa ukingoni mara tatu, ngo ngo ngo, wote wanakula pamoja, na yeye anasimama kichwani mwa sinia, mgongo mlangoni, mikono nyuma, anatazama mpaka bati libaki tupu, maana kupika wanaweza wengi, aliwaambia wapishi wake, kusimamia naweza mimi, akasimamia, mke akasema, "Mwenzangu, hawa si wanafunzi," akasema hivyo mara mbili, halafu akaenda kumuuguza dada yake, mwezi wa tatu huu, na kila akipiga simu swali ni moja, "Kibonge anakula?" Anakula! Kwani amekatazwa?

"Baba, unanisikia?" "Nasikia!" "Nimesema cha maua kiko wapi?" "Kwenye kamba!" Hakipo kwenye kamba, hajui kiko wapi, lakini mkuu hasemi hajui. Na yule daktari wa mifugo, yule kijana, viatu vyeupe, daktari wa mifugo mwenye viatu vyeupe! mtu huyo zizi ameliona kwenye picha, alimfungua Sindano mdomo, akamminya tumbo, akamtoa damu, akamwangalia kwa mashine, Upawa anangoja asikie ugonjwa wenye jina refu la heshima, kijana anavua glavu anasema, "Mzima kabisa, mzee. Meno mazuri, minyoo hana. Hebu niambie, nyumbani wanakulaje?" Wanakulaje! "Wanakula kwa mdomo," Upawa akamjibu, na mama mmoja aliyepakata sungura akacheka, na kijana wala hakuona haya, "Jaribu kumlisha peke yake, chumba kingine," eeh, na kitambaa cha mezani tumtandikie, na mhudumu mwenye tai asimame pembeni, watu wamesoma mpaka wamejaa, Upawa yeye aliishia darasa la saba lakini tumbo anaijua lugha yake, akarudi nyumbani ile karatasi ya daktari kaikunja kaiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba, ndiyo kazi pekee iliyofanya.

Ngo ngo ngo. Haya. Wale dada wawili wenye mabaka wamefika wa kwanza, hawajui salamu, vichwa ndani, wale hata ukiwapikia sabuni watakula, aibu tupu, na Meneja huyu hapa, Meneja mkubwa, mweusi, kifua mbele, huyo ndiye paka, huyo angezaliwa mtu angekuwa anaandikiwa barua, hakimbilii chakula, amekuja taratibu amekula matonge mawili matatu ya heshima, kisha ameketi palepale pake, pembeni ya mguu wa Upawa, mgongo umenyooka, anatazama wenzake, msimamizi mwenzangu, Upawa humwambia, na huwa hatanii, kwani Meneja hajawahi kumkwaruza mtu, hajawahi kunguruma, katika nyumba hii hakuna vita, njoo na mahakama yako uchunguze, hutakuta unyoya mmoja sakafuni, nidhamu tupu... na huyo, huyo anakuja, Sindano, ametoka chini ya kabati, mbavu zinahesabika kama ngazi, shingo mbele, anakuja upande wa mbali wa sinia, palipo na kichwa cha samaki kizima hakijaguswa, mbele yake wazi kabisa, haya, kula basi, kula tuone, nani amekushika? Amenyoosha shingo. Ulimi umetoka. Meneja hajaondoka alipo, hajainua hata mguu, amegeuza kichwa tu. Amemtazama.

Na Sindano ameketi. Ameinua mguu wa mbele anaulamba, anaulamba kwa bidii, kana kwamba hicho ndicho alichokuja kufanya, alikuwa anapita zake tu kwenda kunawa, samaki wapi, sijaona samaki... na kumbe ni hivyo, ni hivyo tu, kutazamwa, ni mzaha gani huu, kwa jicho moja mtu afe njaa! mpumbavu we, akutazame ndiyo akufanye nini, kula, "Kula!" Upawa amesema kwa sauti, sauti ya bwaloni, na wale wenye mabaka hawajashtuka, Meneja hajashtuka, Sindano ndiye amerudi nyuma hatua mbili, tumbo chini, masikio yamelala, na nje vile vishindo vya binti vya kukung'uta kitambaa kingine vimekoma, vimekoma palepale lilipotoka lile neno, mwanamke wa miaka thelathini na moja na kazi yake na nyumba yake, amekoma... halafu vishindo vikaanza tena, polepole.

Njiti. Alimwita Njiti, binti huyu, ndiyo, kwa mapenzi, watoto wote wa mpishi wanapewa majina ya jikoni, kaka zake wawili walikula kama mashine za kukobolea, na huyu wa tatu kijiko kinakwenda mdomoni njia nzima kikifikiria, na meza ni hii hii, Upawa kwenye kiti cha kichwani, mgongo mlangoni, anarudi kutoka kulisha mia nne anakuja kutazama watatu, "Njiti, mbona huli? Kula! Baba yako ni nani?" na kaka zake wanacheka, na yeye anainuka, analeta maji, wakati jagi limejaa mezani, anainuka, analeta chumvi, chumvi ipo, anasema anawasha taa ya nje, saa kumi na mbili bado jua, mtoto gani mwenye shughuli nyingi hivi wakati wa kula, Upawa alimsimulia kila mtu, mtoto wangu huyu amezaliwa mhudumu, wakacheka, akacheka, na alipofika miaka kumi wakampeleka hospitali, dawa ya minyoo, dawa ya damu, ile chupa ya kuongeza hamu yenye picha ya mtoto mnene, kumbe mtoto mwenyewe wa kwenye chupa ndiye pekee aliyenenepa, na yule daktari wa kike wa zamani, mtu mzima, miwani shingoni, akasema hana ugonjwa huyu, akamgeukia Upawa, "Nyumbani mnakula vipi?" na Upawa akasema... akasema nini vile... akasema, "Tunakula kwa mdomo." Maneno yaleyale. Miaka ishirini na moja, hata mzaha hakubadilisha! na akatoka pale amenuna, akamwambia mkewe yule mwanamke hajui kazi yake, na mkewe akatazama nje ya dirisha la basi njia nzima.

Tazama sasa hili jitu jeusi, Meneja, meneja wa nini, lina nini la kumeneji, limeshiba, chakula halikitaki, kichwa cha samaki kinapoa, na bado limeketi, kifua mbele, linalinda kitu lisichokila, kazi yake kutazama, na linajiona linatenda haki, ukiliuliza litakwambia sijamgusa, nimekaa zangu, nani amemkataza, na kakaaje, mgongo umenyooka, kalielekea sinia, miguu miwili ya mbele pamoja, sawasawa na... Upawa ametazama miguu yake mwenyewe. Miwili, pamoja. Mikono nyuma. Wamepangana wawili kichwani mwa sinia la bati kama picha ya viongozi, jitu na jitu, tofauti ni mkia, na mlango uko nyuma yao, mlango mmoja, mwenye kutaka kutoka apite chini ya macho ya hao wawili, mpishi mkuu! mkuu wa kukodoa macho, mia nne hawakutoka na njaa, nani aliwahesabu, aliwahesabu kwa masinia matupu, sinia likiwa tupu amefunga kazi, nani kakimaliza hakuuliza, kila siku ya Mungu kasimama pale mbele na huu mti kama anachunga ng'ombe, akajisifu, akafanyiwa sherehe, akakataa saa, mjinga mkubwa, mjinga mwenye sauti, na hotuba ile ya alfajiri iko wapi, vipengele viko wapi.

"Baba, nimekipata," binti yake anasema huko nje, "kilikuwa stoo, kabatini, kimefungiwa visosi vya mama." Halafu, "Baba? Mbona kimya?" na kweli kimya, watu wamemjua Upawa kwa miaka hamsini na nane na hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, sauti inayotoka si ya bwaloni, ni ndogo, yeye mwenyewe hajawahi kuisikia.

"Eti, mama... wewe ulikuwa unakula saa ngapi?"

"Lini?"

"Ulipokuwa hapa. Mdogo."

Uani kikasikika kikapu kikiwekwa chini, mkono ukikilainisha kitambaa ndani yake, hakuna hasira katika mkono ule, na jibu lilipokuja lilikuja bila hasira pia, kama mtu anayeulizwa duka la pembeni hufunguliwa saa ngapi, na anajua kwamba muulizaji ni mgeni wa mtaa.

"Ukishatoka, Baba."

Na Upawa amesimama palepale, upawa mkononi, Meneja mguuni, samaki kwenye bati, Sindano chini ya kabati na macho yake mawili yanayomsubiri, na mlango, hatua moja tu nyuma ya mgongo wake.